Chungu cha Tatu cha Bi Sihaba

Ukimuuliza Mshamu alifikaje Kolezani, atakwambia alifika, basi. Ukimbana sana atakuuliza unataka habari za njia au habari za nchi, maana njia zote ni vumbi na kiu, lakini nchi ya Kolezani haina mfano. Mimi ninayeisimulia nimeipata kutoka kinywani mwake. Nimeichuja uongo kidogo, ule mtamu nikauacha.

Mshamu alikuwa mpishi wa shughuli kutoka Lindi. Harusi, hitima, maulidi, popote penye jungu kubwa na watu wengi yeye ndiye aliyeshika mwiko. Na kama wapishi wote wa shughuli, alizoea watu kula, kushiba na kumshukuru bwana harusi, na yeye aliyelia moshi tangu alfajiri asiulizwe hata jina. Basi fikiria hali yake siku ya kwanza alipotokezea kwenye Uwanja wa Vyungu, katikati ya mji mkuu wa Kolezani.

Vyungu vilikuwa vingi hata macho yalichoka kabla havijaisha. Vilipangwa safu kwa safu juu ya mikeka, vyote vya udongo, vyote vya kimo kimoja, na juu ya kila kimoja mvuke mwembamba ukipanda. Iliki, mdalasini, samli, ukwaju, nazi iliyokaangwa, vitunguu vilivyoiva hadi vikawa vyekundu. Harufu zilichanganyika hewani hadi Mshamu akaona kwamba mtu angeweza kuichota hewa ile na kuilia wali. Watu walipita katikati ya vyungu kwa kunyata, wamevua viatu, wanazungumza kwa kunong'ona. Chungu kimoja kilifunguliwa kidogo akaona mchuzi wenye rangi saba, kila rangi imelala juu ya mwenzake bila kuchanganyika. Kingine kilikuwa na kifuniko chenye tundu, na mvuke ulipopita kikaimba. Cha tatu kilipofunguliwa, tombo hai aliruka kutoka ndani akaenda zake juu ya mapaa, na waliokuwa karibu wakapiga makofi taratibu. Mshamu alisimama machozi yakimtoka, wala hakuona haya kuyaacha yatoke. Maisha yake yote hakuwahi kuona chakula kikiheshimiwa namna ile.

"Shughuli ya nani hii?" alimuuliza mwanamke aliyekuwa kando yake, mtu wa makamo mwenye mikono minene na kanga iliyofungwa kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana.

"Si shughuli. Ni maombi ya kazi."

"Kazi ya upishi?"

Mwanamke akamtazama kuanzia kofia hadi ndala. "Safu hii ni ya makarani wa ardhi," alisema. "Ile pale inaomba uhandisi wa madaraja. Wale walioko kivulini wanaomba uhakimu, ndiyo maana wametandikiwa mkeka mzuri. Mgeni wewe?"

Huyo ndiye Bi Sihaba. Alipojua kwamba Mshamu hana pa kulala, alimwambia ana chumba cha uani. Njiani alimweleza mambo ya nchi yake kwa sauti kavu, bila kuyasifu wala kuyalaumu, kama mtu anayemwelekeza mgeni choo kilipo.

Zamani, alisema, kazi zote za Kolezani ziligawiwa na wajomba. Mwenye mjomba alikuwa hakimu, asiye na mjomba alikuwa mshtakiwa. Daraja lilijengwa na mpwa, likaanguka, likajengwa tena na mpwa mwingine. Watu walipochoka kuzama walikutana uwanjani wakajadiliana wafanyeje. Mmoja alisema macho yana ndugu, yakiona pua inayofanana na ya babu yao hayaoni kitu kingine. Mwingine akasema masikio ni malaya, anayenong'ona karibu ndiye wake. Wakataja kiungo kimoja baada ya kingine, vyote vina rafiki na vyote vina bei, mpaka wakafika kwenye ulimi wa kuonja. Huo, walikubaliana, ukipewa chakula gizani hauwezi kujua kimepikwa na mtoto wa nani. Tangu siku hiyo kila anayeomba kazi Kolezani huleta chungu kisicho na jina. Karani huvunja kifuu cha nazi vipande viwili, kimoja huwekwa chini ya chungu, cha pili hupewa mwenye chungu, na kwa kuwa hakuna vifuu viwili vinavyovunjika sawasawa, mshindi hujulikana kwa kuunganisha vipande. Juu ya mlango wa Jumba la Waonjaji pamechongwa maneno: ULIMI HAUNA MJOMBA.

Mshamu alisikiliza hayo mdomo wazi. Alisema kimoyomoyo kwamba mama yake alimzaa nchi siyo, na kwamba hapa ndipo alipopaswa kuzaliwa.

Kisha wakafika nyumbani, na Bi Sihaba akampa chakula. Ulikuwa ugali mgumu na mboga iliyochemshwa hadi ikasahau ilikuwa mboga gani. Mshamu alikula kwa adabu, akishushia maji kila tonge, na kwa mara ya kwanza akamwonea huruma mwenyeji wake.

"Wewe unaomba kazi gani, bibi?"

"Uunganishaji wa mifupa. Ofisi ya mji. Upawa umetundikwa mlangoni tangu mwezi uliopita." Kule upawa ukitundikwa mlangoni maana yake kiti ki wazi.

"Na umeshapeleka chungu?"

"Mara mbili, miaka iliyopita. Cha kwanza nilichemsha viazi vitamu nikatia chumvi. Wakakifudikiza." Waonjaji huchota chakula kwenye kibakuli kidogo, wakikipenda hukiacha kimekaa, wakikikataa hukigeuza kifudifudi, na hakuna neno linalotisha Kolezani kama hilo la kufudikizwa. "Cha pili nikamlipa mkoleza wa mjini anipikie. Akatia karafuu mpaka waonjaji wakapiga chafya. Wakakifudikiza na hicho."

"Bado cha tatu, basi. Si haba."

"Cha tatu ndicho cha mwisho," Bi Sihaba alisema. "Aliyefudikizwa mara tatu kwa kazi moja haruhusiwi kuigusa tena. Si ofisini tu. Popote. Nikifudikizwa safari hii, nikiunga hata mguu wa kuku nitafungwa."

Alisema hivyo akiwa anakusanya vyombo.

Siku zilizofuata ndipo alipouona mlango wa nyuma. Nyumba ya Bi Sihaba ilikuwa na mlango wa mbele uliofungwa muda wote, na wa nyuma, kwenye kichochoro, ambao haukupata nafasi ya kufungwa. Asubuhi alikuja askari aliyeteguka bega. Baada yake mke wa karani wa vifuu, amebeba mtoto aliyeanguka kutoka mpapaini. Alikuja hata mkoleza mmoja mashuhuri aliyechomoka kidole gumba kwa kusaga bizari usiku na mchana. Wote waliingia wameinamisha kichwa, wote walitoka wananyoosha viungo vyao, na hakuna aliyeaga kwa sauti. Mshamu aliiona ile mikono minene ikipita juu ya goti lililovimba, polepole, inauliza, inasikiliza, kisha kwa ghafla inavuta, na mtu aliyekuja akilia anabaki ameduwaa kwa sababu maumivu yameondoka kabla hajamaliza kupiga kelele. Mshamu alikuwa ameshika mwiko miaka mingi akajua ufundi ukoje. Alipouona huu alivua kofia.

"Hawa wote wangekwenda wapi kama kiti kisingekuwa wazi?" aliuliza.

"Wangekuja huku huku. Aliyekuwepo alishinda kwa sambusa. Sambusa zake, nakwambia, zilikunjwa pembe tatu ukadhani zimepimwa na seremala. Wakasema mtu anayekunja hivi hawezi kushindwa kukunjua. Alipoanguka kutoka kwenye kiti chake cha enzi akavunjika muundi wa mguu, unafikiri alipelekwa wapi?" Aliuelekeza mlango wa nyuma kwa kidevu.

"Sasa kama mji mzima unajua, si wakupe tu kazi?"

Bi Sihaba alicheka kidogo. "Bwana Mshamu, kujua ni kujua na kuajiri ni kuajiri. Usivichanganye, utaonekana mshamba."

Mshamu alitoka kwenda kutembea mjini akiwa na hilo kichwani. Ukutani mwa Jumba la Waonjaji palikuwa na tangazo la kazi ya mwunga mifupa, na mbele yake kundi la watu wenye ndevu zilizochanwa wakibishana. Tangazo lilitaka chungu chenye ladha ya ari, ladha ya uzoefu usiopungua miaka mitano, na ladha ya kuweza kufanya kazi katika mazingira magumu. Mzee mmoja alishikilia kwamba uzoefu ni samli iliyochacha. Mwenzake alisema samli ni ukaidi, uzoefu ni ukwaju. Kijana aliyesimama nyuma akauliza yeye aliyemaliza mafunzo juzi atapata wapi samli ya miaka mitano, wakamjibu kwamba ndiyo maana haajiriwi. Kuhusu mazingira magumu hapakuwa na ubishi: ni pilipili, na anayetaka kazi atie hadi mwonjaji alie.

Nyuma ya jumba ulikuwa Mtaa wa Wakoleza, vibanda kwa vibanda. "Chungu chako kinapita kimya?" mmoja aliita. "Kilete nikitie sauti." Mwingine alimvuta Mshamu kwa mkono akamnong'oneza siri ya kazi yake bila hata kuombwa. Waonjaji huchota kijiko kimoja tu, alisema, tena cha juu, kwa muda wa kufumba na kufumbua. Weka utamu wote juu. Chini tia hata mchanga, hakuna atakayefika. Mshamu alimtazama mtu yule, akavitazama vibanda, akaukumbuka ule mchuzi wa rangi saba uliomliza. Moyo wake uliingiwa na baridi kidogo. Hata hivyo hakuacha kustaajabu, kwa maana hata ukishajua kwamba chini kuna mchanga, ile rangi ya juu ilikuwa imepikwa na fundi.

Alirudi nyumbani ameshaamua.

"Bibi, nipe moto, nipe nazi na kuku, unipe na siku ya mashindano yenyewe asubuhi nzima. Mimi sitii karafuu za kupigisha chafya. Nitakupikia kuku wa kupaka ambaye hata akionjwa na maiti atauliza umepika nini."

Bi Sihaba alifikiri. Alikuwa mwanamke mwenye kiburi, na kukubali kulimuuma. "Sitaki hicho kiti kwa ajili ya kiti," alisema mwishoni. "Mwenye kiti ndiye anayeruhusiwa kufundisha. Mimi bila kiti sina haki ya kumfundisha mtu, na nikifa hii mikono inazikwa na kila kitu." Akanyanyuka akaenda kutafuta kuku.

Siku ya vyungu ikafika. Mwisho wa ngoma ya alasiri ndio uliofunga milango, na baada ya hapo uonjaji ulianza. Mshamu alianza tangu jua halijapanda. Alimchoma kuku juu ya makaa, akimgeuza bila kumwacha, mpaka ngozi ikapata rangi aliyoitaka na moshi ukaingia nyamani. Alikuna nazi, akakamua tui zito akaliweka pembeni, akakamua jepesi akalichemsha na bizari, tangawizi na ndimu. Uani palinukia hadi majirani wakapata shida ya kukaa ndani. Ilipobaki saa moja hivi kabla ya alasiri, alimlaza kuku kwenye chungu, akamimina tui zito, akashika mwiko. Na hapa mpishi yeyote atakwambia: tui zito likishaingia, hutoki. Unakoroga, unakoroga, mpaka lichemke na kutulia. Ukiliacha mpaka likachemka peke yake linakatika, linakuwa punje na mafuta, na hakuna dua ya kulirudisha.

Wakati huohuo, kule uwanjani, Mwonjaji Mkuu alikuwa akipita katikati ya safu kukagua. Jina lake Bwana Muhidini, mtu mrefu, mpole, mwadilifu kupita kiasi. Watu walisema hakuwahi kula kwa mtu tangu ateuliwe, asije akaijua ladha ya jiko la mtu. Walisema pia kwamba kwa kuonja miaka mingi ulimi wake ulikufa ganzi, na kwamba mkewe alikuwa akimpikia mihogo isiyo na chumvi, naye akiila huku akitokwa machozi. Siku ile chungu kimoja, katika kujitahidi kionekane, kilikuwa kimejazwa samli hadi ikafurika kwenye mawe. Bwana Muhidini aliikanyaga. Alianguka kwa kiganja cha kulia, na kifundo cha mkono kikachomoka mahali pake.

Sasa sikiliza vizuri. Mji mzima ulikuwa pale. Palikuwa na watu wenye vyungu zaidi ya themanini wanaoomba kazi ya kuunga mifupa, wamepangwa safu, hatua chache kutoka alipoanguka. Hakuna aliyeulizwa. Hakuna aliyesogea. Askari wawili walimnyanyua mheshimiwa wao, wakamfunika kichwa kwa kikapu cha ukili asijulikane, na bila kuambizana neno wakakata kichochoro wakaenda moja kwa moja kwenye mlango wa nyuma wa Bi Sihaba.

Askari mmoja alibaki nje kuilinda siri. Mwingine aliingia, akautazama mkono ulivyopinda, akakaa chini ukutani na kufumba macho. Bi Sihaba alimvua kikapu, akamjua mgonjwa wake, uso wake usibadilike hata kidogo.

"Bwana Mshamu," aliita, "njoo unishikie bega."

Mshamu alikuwa ameinamia chungu, anakoroga. "Tui, bibi. Nimeshalimimina."

"Njoo."

"Bibi, likikatika hili hatuna jingine. Ngoma i karibu. Mwambie asubiri kidogo, mtu huwa hafi kwa kifundo."

"Vidole vinaanza kuwa vyeusi," Bi Sihaba alisema kwa utulivu. "Nazi zimejaa sokoni. Huyu mkono wake wa kulia ni huo mmoja."

Mshamu aliusikia mwiko ukitoka mkononi mwake kabla hajajua kwamba ameuacha. Alikwenda akalikumbatia bega la Bwana Muhidini, akaegemea kama alivyoelekezwa, na Bi Sihaba akaanza kupitisha vidole. Hakufanya haraka. Mshamu alisikia chungu kikianza kutokota nyuma yake, kwanza taratibu, kisha kwa sauti ile nzito ya kitu kinachochemka bila mwenyewe, na kila mlio wake ulimchoma. Bi Sihaba aliusikia pia. Vidole vyake vilipokwisha kuuliza na kujibiwa, alivuta mara moja, akasukuma kwa gumba, na mfupa ukarudi kwa mlio mdogo kama wa mlango unaokubali kufungwa.

Bwana Muhidini alishusha pumzi ndefu. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Bi Sihaba alimfunga kitambaa chepesi, akaushika mkono ule muda mrefu kuhakikisha damu inarudi kwenye vidole.

"Geuza kiganja," alimwambia. "Polepole. Juu. Sasa chini. Kinauma?"

"Kidogo."

"Kitakuwa kinauma kidogo siku chache. Usinyanyue kizito. Kugeuza unaweza."

Bwana Muhidini alimtazama Bi Sihaba, na kwa macho yale Mshamu akaamini kwamba shida imekwisha. "Mheshimiwa," alisema, hakuweza kujizuia, "huyu bibi anaomba kazi hiyo hiyo leo. Chungu chake ni—"

Mwonjaji Mkuu alijiziba masikio, kwa mkono mzima na kwa mkono mgonjwa. "Nakusihi usiniambie," alisema. "Ukiniambia itabidi nikifudikize bila kuonja. Ndiyo sheria, na babu yangu alizamishwa na daraja la mpwa." Akamgeukia Bi Sihaba akainama. "Mama, Mungu akubariki hiyo mikono. Naomba kwa moyo wangu wote chungu chako kiwe kizuri."

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomshangaza Mshamu kuliko yote. Hapakuwa na hila usoni mwa mtu yule. Alivaa tena kikapu chake, askari wakamtoa.

Mshamu alirudi mekoni. Tui lilikuwa limekatika. Punje nyeupe zilielea juu ya mafuta ya manjano na kuku amelala katikati, kuku ambaye mpishi yeyote wa Lindi angemwonea fahari. Alisema atakimbilia nazi nyingine, akavaa ndala moja, na ngoma ya alasiri ikaanza kulia.

"Funika," Bi Sihaba alisema.

"Bibi, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi ndiye niliyekuita. Funika twende."

Ndani ya Jumba la Waonjaji waombaji hukaa ghorofani, nyuma ya chiki, lile pazia la vijiti, wakiangalia chini bila kuonekana. Mshamu alikaa karibu na Bi Sihaba. Lilikuwa jumba la kutisha kwa uzuri, nguzo nyeupe, dari ya juu kiasi cha kumfanya mtu ameze kikohozi chake, waonjaji wamevaa nguo nyeupe wamekaa nusu duara, na ukimya ambao Mshamu hajausikia hata msikitini. Bwana Muhidini alikaa katikati. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefichwa ndani ya joho. Vyungu vililetwa kimoja kimoja, kijiko cha juu, kufumba na kufumbua, kibakuli kikafudikizwa, kingine, kikafudikizwa. Watu zaidi ya themanini walikuwa wanaomba kazi ya mifupa, na katika jumba lote hapakutajwa mfupa hata mmoja.

Kikaja chao. Mshamu alikijua kwa harufu kabla kifuniko hakijatoka vizuri. Ule moshi wa makaa ulipanda, ukaenea, na waonjaji waliokuwa wameanza kusinzia wakakaa wima. Bwana Muhidini alivuta pumzi, akafumba macho, akabaki hivyo, muda mrefu kuliko alioupa chungu chochote siku ile. Mshamu aliushika mkono wa Bi Sihaba bila kujua. Mwonjaji Mkuu akafumbua macho, akachota kijiko cha juu. Akaziona zile punje. Akaonja, akatafuna kitu ambacho hakikupaswa kutafunwa, na uso wake ukaingiwa na huzuni ya kweli.

"Huyu anajua," aliwaambia wenzake. "Moshi huu haupatikani kwa bahati. Lakini ameliacha tui lake likakatika. Tui halihitaji akili, linahitaji mtu akae nalo tu. Mtu asiyeweza kukaa na chungu chake, siku anayokihitaji kuliko siku zote, mgonjwa akae naye vipi?"

Wenzake walitikisa vichwa. Yalikuwa maneno ya hekima, mmoja wao akayaandika.

Mshamu alitaka kusimama. Alitaka kupiga kelele kupitia chiki lile mpaka nguzo zisikie, lakini Bi Sihaba alikuwa ameushika mkono wake kwa vidole vile vinavyojua pa kushika, naye hakuweza kunyanyuka. Bi Sihaba hakuwa anamtazama Mshamu. Hakutazama uso wa Mwonjaji, wala hakutazama chungu chake. Alikuwa ameinama mbele, macho ameyakaza kwenye ule mkono wa kulia uliokuwa unatoka ndani ya joho, umefungwa kitambaa chake mwenyewe, unakwenda kukishika kibakuli.

Mkono ulikishika kibakuli. Ukakinyanyua kidogo, ukakigeuza kifudifudi, polepole, kiganja kikitoka juu kikaja chini mpaka mwisho, ukakiweka mezani bila mlio.

Bi Sihaba akashusha pumzi.

"Mfupa umekaa," alimnong'oneza Mshamu. "Umeona? Amegeuza mpaka mwisho na hakukunja uso."